Kaskazini ya Ramani

Ramani ya Madagaska ilikuwa kwenye ukuta wa kusini kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na msumari. Hakuna aliyekaa akalifikiria jambo hilo. Ubao ulikuwa kwenye ukuta huo, juu ya ubao palikuwa na msumari, na ramani ikapata pa kuning'inia. Koulsoum Mchangama alipoingia darasa la nne kwa mara ya kwanza, Oktoba 1979, aliikuta hapo, imepauka na pembe zake zimejikunja, akaona ni sawa kabisa.

Alikuwa na miaka ishirini, binti wa familia ya Wangazija wa Mahajanga. Familia nyingi za aina yake zilikuwa zimeondoka mjini baada ya machafuko ya mwisho wa mwaka 1976, Wangazija walipowindwa na kuuawa. Baba yake alibaki na kiduka chake cha mafuta ya taa mtaani Tsaramandroso. Koulsoum alipofaulu bakaloria, mtihani wa kumaliza sekondari, serikali ilikuwa ikiwatuma vijana wa aina yake utumishi wa taifa, na wengi walipelekwa kufundisha shule za msingi zilizokosa walimu. Wenzake walilia walipopangiwa mbali. Yeye alipangiwa Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, akafunga sanduku lake akiimba. Tangu utotoni hakutaka kazi nyingine ila ualimu. Aliambiwa wazi kwamba mwisho wa utumishi wake mkaguzi angekuja kukaa darasani mwake: akiandika vizuri, mlango wa chuo cha ualimu ungefunguka; akiandika vibaya, angerudi Tsaramandroso kupima mafuta ya taa.

Kwa hiyo alifundisha jinsi alivyofundishwa yeye. Aliandika sentensi ubaoni, watoto wakaimba, wakaimba tena, mpaka mtu aliyepita barabarani akaijua. Aliamini kwamba mtoto akishaliimba jambo halitamtoka. Shule zilikuwa zimeacha Kifaransa na kuhamia Kimalagasi, lakini vitabu vilikuwa vichache, na Kimalagasi cha vitabuni kilikuwa cha watu wa nyanda za juu. Watoto walisema Kisakalava cha pwani, na baadhi yao Kingazija nyumbani. Kitabu kilisema *mangahazo*, watoto wakasema *mahogo*, na wote walikuwa wakizungumzia muhogo uleule uliochemka sufuriani. Koulsoum alizunguka katikati ya lugha hizo kutwa nzima, na jioni sauti ilikuwa imemkauka.

Somo la pande nne za dunia aliliona ndilo rahisi kuliko yote. Alilijua tangu akiwa na miaka tisa, kwa Kifaransa, neno kwa neno. Alilitafsiri tu.

"Roukia, kaskazini iko wapi?"

Roukia Tadjiddine alikuwa msichana mwembamba wa dawati la pili, asiyependa kuonekana. Alisimama. Hakuitazama ramani. Aligeuka, akaelekeza mkono kwenye dirisha la nyuma.

"Kule, Madamu."

"Kule ni dirishani. Nimeuliza kaskazini."

"Ndiyo kule. Upande wa kibla."

Watoto wengine waliitikia kwa vichwa. Huko Nosy Be mwenye kuswali huelekea kaskazini na kuegemea kidogo tu upande wa magharibi, na hakuna mtoto wa Kiislamu asiyelijua hilo. Wasakalava nao, Waislamu na wasio Waislamu, wanajua kitanda kinalazwa upande gani wa nyumba na pembe ipi huwekwa vitu vya heshima. Koulsoum alitabasamu kwa subira.

"Ramani iko huku mbele. Kwenye ramani kaskazini ni juu."

Roukia alitazama juu. Palikuwa na dari ya mbao na kiota cha nyigu.

"Basi tuswali tukitazama dari, Madamu?"

Darasa lilicheka. Mtoto hakuwa na nia ya kukejeli, aliuliza tu. Lakini Koulsoum alihisi joto masikioni, akaona anachezewa. Alichukua rula, akagonga meza, akaandika ubaoni, na watoto wakaimba: kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Waliimba juma zima. Asubuhi moja, jua likiwa linamwagika madirishani upande wa kushoto wa darasa, mtoto mmoja mcheshi aitwaye Chaher aliinua kidole.

"Madamu, leo jua limetokea magharibi. Fundi wetu wa chuo cha Kurani alisema likitokea magharibi ndiyo Kiyama. Twende nyumbani tukaage?"

Koulsoum alimsimamisha pembeni mpaka kengele. Hakujiuliza Chaher alikuwa amesema nini. Alijiuliza tu jinsi ya kumfanya anyamaze.

Baada ya majuma kadhaa alitoa jaribio dogo la jiografia. Swali la mwisho lilikuwa zawadi, alivyodhani: mto Betsiboka unaanzia wapi na unaishia wapi? Walikuwa wameusoma, wameupaka rangi, wameufuata kwa kidole. Koulsoum alibeba majibu hadi kwa mama yake mdogo, Moinaecha, aliyemkaribisha kuishi naye, akaketi mkekani kuyasahihisha wakati chakula kinaiva.

Karibu darasa zima lilikuwa limeandika kitu kimoja. Betsiboka unaanzia baharini, Mahajanga, kisha unashuka mpaka milimani.

Mwanzoni alicheka. Halafu akakasirika. Mto ule aliujua. Utotoni baba yake alikuwa akimpeleka Boanamary, na huko aliona kwa macho yake maji mekundu ya udongo wa bara yakijimwaga kwenye ghuba, mekundu kiasi cha kutia nguo doa. Nani aliwahi kuona bahari ikipanda milimani? Aliweka alama ya kosa, moja baada ya nyingine, akibonyeza kalamu. Kwenye karatasi ya Roukia jibu lilikuwa tofauti: "Madamu amesema Mahajanga iko juu. Maji hayapandi. Kwa hiyo sijui." Hapo pia aliweka alama ya kosa.

"Mwanangu," Moinaecha aliita kutoka kwenye sinia, "nipe hicho kijiko cha kaskazini, hicho cha kusini kina mchuzi."

Koulsoum alinyoosha mkono akakichukua kijiko cha kaskazini. Hakufikiri. Alikuwa amekishika tayari, amekwisha kukitoa, ndipo mkono ukabaki hewani.

Katika nyumba alizokulia hakuna aliyesema kulia wala kushoto. Mama yake, Bahia, alimwambia asogeze sufuria kusini kidogo, afagie kona ya mashariki, amfukuze nzi aliye kwenye shavu lake la magharibi. Tangu ajue kusema Koulsoum alikuwa amejua kaskazini iko wapi, gizani na mwangani, bila kuitafuta. Na kila asubuhi alipofika mlango wa shule, elimu hiyo aliivua kama viatu, akaingia ndani na kuwafundisha watoto kwamba kaskazini ni dari.

Aliichukua tena karatasi ya Roukia. Akachukua ya Chaher. Watoto hawakuwa wamekosa kufikiri. Waliambiwa Mahajanga iko juu na milima iko chini yake kwenye ramani, maji wanayajua, huteremka, wakaunganisha. Walifikiri sawasawa kutoka kwenye neno bovu, na neno lile alikuwa amelitia yeye vinywani mwao, kwa rula.

"Kijiko, mwanangu," alisema Moinaecha. "Au kimekwisha kuwa cha serikali?"

Kesho yake alifika shuleni na mkeka wa mama yake mdogo. Aliwaambia watoto wasukume madawati ukutani. Alitandika mkeka, akaitoa ramani msumarini, akailaza juu yake na kuizungusha mpaka ncha ya kaskazini ya nchi ikaelekea dirisha la nyuma. Watoto walivua ndala zao wenyewe, bila kuambiwa, kama wanaoingia msikitini, wakaizunguka.

"Sasa nionyesheni Betsiboka."

Roukia alipiga magoti. Kidole chake kilianza kwenye nyanda za juu, kikashuka, kikapinda, kikafika Mahajanga. Alisema taratibu, kama anayejisemea: "Unakwenda upande wa kibla. Lakini haupandi."

Waliohama upande wa kaskazini waliiona nchi imegeuka, wakaitana waje kutazama. Mmoja alisema inafanana na unyayo, mwingine akasema ni samaki aliyekatwa mkia. Chaher alikunja uso.

"Kwani nani aliyesema kaskazini ni juu?"

Neno "nyamaza" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Koulsoum. Alilirudisha.

"Sijui," alisema. "Waliochora ramani."

"Walikuwa wanakaa wapi?"

"Wengi wao, kaskazini."

"Ahaa," alisema Chaher. "Walijiweka juu wenyewe."

Siku hiyo watoto walijifunza pia kwamba mwalimu wao anaweza kusema "sijui" na darasa lisianguke. Lilikuwa jambo geni kwao, na kwa Koulsoum lilikuwa geni zaidi. Aliwapa kazi ya kuchora ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shule. Juu ya karatasi waweke chochote watakacho, ila waweze kueleza kwa nini. Chaher aliweka juu jiko la bibi yake, kwa hoja kwamba safari zote huanzia hapo. Zalia, binti wa Kisakalava, aliweka mashariki, upande wa wahenga wake. Roukia hakuchora njia ya shule. Alichora Madagaska nzima jinsi ambavyo mtu angeiona akija kutoka Ngazidja, alikotoka babu yake: kisiwa kimelala ubavu, kirefu, na Nosy Be karibu kabisa na macho, kubwa kuliko haki yake. Koulsoum aliitazama karatasi ile jioni nzima, wali ukapoa. Alitafuta pa kuweka alama ya kosa, akakosa. Alitafuta pa kuweka ya usahihi, akaona nayo haitoshi.

Toka hapo alianza kuuliza maswali asiyokuwa na majibu yake mfukoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko alivyotarajia. Akiuliza, darasa lilinyamaza. Na kimya cha watoto wanaofikiri kinafanana mno na kimya cha watoto wasiojua. Mara nyingi alishindwa kusubiri akajijibu mwenyewe. Siku nyingine alirudi kwenye wimbo kwa sababu alikuwa amechoka. Majedwali ya kuzidisha waliyaimba mpaka mwisho wa mwaka, na hakuona ubaya wowote.

Mwalimu mkuu alikuwa Mahamoud Fazul, mtu wa makamo, mzaliwa wa pale, ambaye wote walimwita Fundi, neno la Wangazija kwa mwalimu. Habari zilimfikia. Alimwita Koulsoum kivulini nje ya ofisi, akamuuliza kama ni kweli ameilaza nchi ya wahenga chini ya miguu ya watoto. Koulsoum alieleza habari za mkeka, za ndala, za Betsiboka. Fundi Mahamoud alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona walimu wengi vijana wakija na moto na kuondoka na majivu.

"Binti," alisema, "mimi pia najua kaskazini iko wapi. Nimeswali kuielekea maisha yangu yote. Lakini karatasi ya mtihani haina kibla. Inauliza mara moja, na jibu ni moja. Na mkaguzi anakuja Mei. Unakitaka chuo au hukitaki?"

"Nakitaka, Fundi."

"Basi ramani irudi msumarini."

Ilirudi. Koulsoum hakubishana, maana alikitaka chuo kile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Mei ilipofika aliwaambia watoto kwamba mgeni akiwauliza kaskazini, wajibu "juu". Walikubali mara moja, kwa huruma, kama watu wazima wanaomfichia mwenzao jambo. Chaher aliuliza kama na jua waliambie lisitokee asubuhi hiyo. Koulsoum alicheka pamoja nao, lakini moyoni hakupata raha.

Mkaguzi alitoka Antsiranana. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, na alikaa nyuma ya darasa kwa nusu saa akiandika. Koulsoum alifundisha kwa kufuata kitabu. Mwishoni mkaguzi alikuja mbele, akasimama kando ya ramani.

"Watoto, kaskazini iko wapi?"

"Juu," liliitikia darasa, kwa sauti moja.

Alitabasamu. Alikuwa karibu kugeuka akaliona dawati la pili.

"Wewe huimbi na wenzako? Kaskazini iko wapi?"

Roukia alisimama. Alitazama madaftari yake, halafu akamtazama mkaguzi.

"Ya ramani au ya kweli, Bwana?"

"Kaskazini ni moja, mtoto."

"Ndiyo, Bwana. Lakini hapa, kuitazama ramani ni kuipa kaskazini mgongo."

Fundi Mahamoud, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho. Mkaguzi hakukasirika. Alimgeukia Koulsoum kwa upole uleule, kama anayemsaidia mtu kuvuka.

"Mwalimu, msahihishe, tumalize."

Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi, na Koulsoum aliijua tangu akiwa na miaka tisa. Mtoto hangekufa kwa kuisikia. Yeye mwenyewe angekwenda chuo, angefuzu, angefundisha watoto wengi zaidi ya hawa, kwa njia aitakayo. Yote hayo yalimpitia. Lakini Roukia alikuwa amesimama anamtazama, wala hakumtazama kwa kumwomba. Alikuwa anasubiri tu, kama wote walivyofundishwa mwaka ule kusubiri mwenzao anapofikiri.

"Amejibu sawa, Bwana," alisema Koulsoum. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Amejibu sawa. Msumari uko ukuta wa kusini. Kwenye ramani kaskazini ni juu, na katika chumba hiki iko nyuma yao. Anayajua yote mawili. Mimi mwanzo wa mwaka huu nilikuwa nalijua moja tu."

Mkaguzi alitazama ukuta, akatazama dirisha la nyuma. Alishukuru darasa, akafunga mkoba wake.

Taarifa yake ilifika mwezi uliofuata, na Fundi Mahamoud alimsomea Koulsoum bila kuipamba. Ilisema ana bidii na anapendwa na wanafunzi, ila anawachanganyia mambo ambayo mtihani unataka yawe wazi. Kuhusu chuo, asubiri.

Koulsoum aliikunja ile karatasi, akairudisha mezani, akatoka kwenda kujifungia chooni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na Fundi Mahamoud alikuwa bado palepale, anajifanya anahesabu chaki. Alimwambia kwamba darasa la nne halijapata mwalimu wa mwaka ujao. Wizara ingekubali mtu wa kushikilia kwa muda, kama shule ingeomba.

"Shule itaomba?" aliuliza Koulsoum.

"Imeshaomba. Lakini usinielewe vibaya. Sijasema ulifanya vizuri."

"Umesema nini basi, Fundi?"

"Nimesema sina mwalimu."

Alibaki mwaka mwingine. Barua ya baba yake kutoka Mahajanga ilikuwa fupi, na salamu za mama yake zilikuwa ndefu. Akakaguliwa tena, na mtu mwingine, katika somo la hesabu, na safari hii hapakutokea neno. Chuo kilimpokea akiwa amechelewa kuliko wote aliomaliza nao shule. Baadhi yao walikuwa wameanza kazi yeye alipokuwa bado ananunua madaftari. Lilimuuma, na hakuficha kwamba linamuuma. Ila hakuna siku, hata moja, aliyotamani angekuwa ameisema ile sentensi fupi.

Mwaka 1986 alikuwa mwalimu kamili, darasa la kwanza, mtaani kwao Tsaramandroso. Asubuhi moja aliandika ubaoni herufi zote za Kimalagasi, na watoto wakazisoma mpaka mwisho. Mtoto mmoja, Soulé, mjukuu wa Wangazija waliobaki mjini, alikuwa amejifunza nyumbani kuandika jina lake na alijivunia sana. Aliinuka, akapita herufi moja moja kwa macho, akarudia tena.

"Madamu, hakuna *u*."

"Kimalagasi hakiandiki *u*," alisema Koulsoum.

"Jina langu lina *u*. Kwa hiyo haliwezi kuandikwa hapa?"

"Aandike Sole," alisema mmoja, maana sauti hiyo Kimalagasi huiandika kwa *o*.

"Atakuwa Sola," alisema mwingine, na *sola* kwa lugha yao ni mwenye upara, darasa likaangua kicheko.

Soulé hakucheka. "Na lako, Madamu? La kwako lina mbili."

Koulsoum alikuwa na jibu la kitabuni, na lilikuwa tayari. Alikuwa pia na mambo mengine kichwani, ya mwaka 1976, ya majina yaliyoulizwa milangoni, ambayo hayakumfaa mtoto wa miaka saba.

"Ni swali zuri, na sijui tufanyeje," alisema. "Njoo uliandike jina lako ubaoni jinsi unavyolijua. Halafu kila mmoja atuambie anaona nini."

Soulé alichukua chaki. Alikuwa mfupi, ikabidi asimame juu ya kiti, na watoto wawili wakakishikilia kiti kisiyumbe. Alianza na *S*, kubwa kupita kiasi, na darasa lote likamtazama. Koulsoum alikwenda kuketi kwenye dawati lililokuwa wazi, akasubiri.